Mchanga wa Kuvukia Shikeni

Blaise alikuwa amekwisha kupita nyumba za mwisho za Kasongo wakati mama yake alipokikumbuka kitambaa cheusi cha matanga. Aurélie alitoka uani bila viatu, akapiga kelele. Mwenye kuuza maandazi akaipokea ile kelele, akampa mtu wa baiskeli, mtu wa baiskeli akaisukuma mbele, na hivyo ikamfikia Blaise karibu na nyumba ya baba yake mdogo, Déo, mahali barabara inapoanza kuharibika na kila dereva anapunguza mwendo apende asipende.

“Zima hiyo pikipiki,” Déo akamwambia kutoka barazani. “Mama yako anakuja na miguu. Petroli haiokotwi.”

Déo alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, mguu wa kulia juu ya bidoni tupu ya mawese. Ule mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa. Alikuwa hawezi kufika hata sokoni, sembuse Kabambare.

Aurélie akafika, pumzi juu juu, akamfunga mwanawe kitambaa kwenye mkono. “Mutu anaenda matangani kwa wakwe na shati ya rangi ya machungwa, kama anaenda kucheza mupira!”

“Ndiyo shati iko safi, mama.”

“Na nani atakusemea huko?” Déo akauliza.

“Nitajisemea.”

Déo akacheka mpaka mguu ukamuuma, akaushika. “Weye? Kwa muzee Zéphirin mukwe anajisemea? Kule mukwe anaingia, anakaa, anaangalia vidole vyake vya miguu. Mudomo wake iko kwa mutu mwingine. Siku ya mahari, miye nilisema mpaka koo ikakauka. Weye ulisema nini?”

“Sikusema kitu.”

“Na wakakupa muke. Umeona faida ya kunyamaza?”

Blaise hakucheka. Mama mkwe wake alikuwa amekufa Kabambare mwanzoni mwa mvua. Emilienne, mke wake, alikwenda kumzika mama yake pamoja na mtoto wao, Sarah-Grâce, kwa lori la mwisho lililopata kupita. Blaise alibaki. Alikuwa amepiga hesabu: ama petroli ya kwenda, ama mbao za sanduku la kumzikia. Akatuma pesa ya mbao kwa simu, akaona amefanya vizuri. Siku zikapita. Halafu Emilienne akampigia kwa simu ya kaka yake, sauti inakatika-katika: wazee wanataka kuondoa matanga, na mkwe ambaye matanga yanaondolewa bila yeye, katika nyumba ile wanamhesabu kama mtu aliyemrudisha binti yao. “Wakiondoa bila weye,” alisema, “nabaki.”

“Tafuta mutu wa heshima kule kule Kabambare, akusemee,” Aurélie akasema.

“Mutu wa kuokota?” Déo akasema. “Huyo anaweza kukuuza pamoja na pikipiki yako. Enda. Ukikwama, niite kwa simu. Mudomo wangu haukuvimba.”

Blaise akawasha. Kwenye maegesho alikuwa amengoja abiria tangu alfajiri, asipate hata mmoja wa kufika Wamaza tu. Hakuna aliyetaka kupanda mlima wa Shikeni kwa mvua ile. Kwa hiyo alikwenda peke yake, kiti cha nyuma kitupu, jambo ambalo motari wa njia ile, yaani dereva wa pikipiki za abiria, halipendi hata kidogo.

*

Inafaa kueleza kwa nini hawalipendi. Pikipiki za njia ya Kabambare si zile zilizotoka dukani. Mafundi wa Kasongo wanazitoa springi za nyuma, wanaweka nyingine nene, wanachomelea vyuma pembeni, ili zibebe watu wawili na bidoni za mawese na mbuzi juu yake. Ikiwa na uzito huo, pikipiki inatulia, inatembea kama mwanamke aliyebeba mtungi. Ikiwa tupu inaruka. Kwenye barabara sawa inaruka kidogo, dereva anavumilia. Kwenye mlima wa Shikeni, mawe yakiwa yamelowa, inamtupa.

Mlima wenyewe uko kabla ya kufika kijiji cha Wamaza. Motari ndio walioupa jina, kwa sababu pale chini kila dereva anageuza kichwa na kuwaambia abiria wake: “Shikeni!” Basi wanamshika kiunoni, wanamwegemea, na mlima unapandwa hivyo.

Chini ya mlima, karibu na kijito, alikaa Faradji, mzee mwenye kofia iliyofumwa, mwenye kuziba mipira ya magurudumu. Baba zake walikuwa watu wa biashara wa Kasongo. Yeye alifika pale siku moja kutengeneza gurudumu la mtu, akabaki.

“Bwana motari,” akasema alipomwona Blaise na kiti kitupu. “Abiria wako wamekufa?”

“Wameogopa mlima, muzee Faradji.”

“Wana akili. Na weye?”

“Miye niko na matanga ya mama mukwe.”

“Innalillahi. Basi tukupe abiria asiyeogopa.” Faradji akainama nyuma ya kibanda, akatoa mfuko wa mchele mtupu, ule mweupe wenye picha ya ua jekundu. Wakashuka wote wawili kijitoni, wakachota mchanga, wakajaza, wakashona mdomo kwa uzi, wakafunga kwa kamba ya mpira juu ya kiti. Faradji akaupigapiga ule mfuko mgongoni. “Huyu hatapiki, hatabishana nauli. Ukifika chini upande wa pili, umumwage. Usibebe muchanga wa bure mpaka mujini kama mutu wa wazimu. Na mufuko wangu unirudishie.”

“Nitakurudishia.”

“Wote wanasema. Shika njia, na Mungu akushike weye, maana huyo wa nyuma hana mikono.”

*

Alipanda. Hakuna mtu wa kumwambia polepole, hakuna mtu wa kulia wala kuomba kushuka. Maji yalikuwa yamechimba katikati ya njia mfereji unaoweza kumeza goti, naye alifuata ukingo wake, gia ya kwanza, mguu mmoja nje kama mkongojo. Nyuma yake mchanga ulikaa kimya na kuikandamiza pikipiki chini, kila jiwe likapita.

Kileleni akazima. Alikuwa amepita pale mara ambazo hawezi kuzihesabu, na hakuwahi kusimama, kwa sababu abiria analipia kufika, halipii kuangalia. Ukungu ulikuwa umefunguka upande wa mashariki. Aliona msitu ukishuka na kupanda, ukishuka na kupanda, moshi wa mashamba hapa na pale, na mbali sana mto Luama ukiwaka kama kipande cha bati jipya. Upepo ulikuwa baridi na safi, na harufu yake ilikuwa ya majani tu. Blaise akasimama pale na mikono kiunoni. Akafikiri kwamba kama mtu angekuwa hana mke wala mama wala springi za kulipia, angeweza kwenda hivi mpaka barabara iishe. Halafu akaona aibu, kwa sababu alikuwa na kitambaa cheusi mkononi. Akashuka.

Chini, upande wa pili, kuna mahali ambapo kila motari anasimama. Pameota kilima kidogo cheupe, mchanga wa kila aliyevuka mtupu. Blaise akasimama pia. Akaweka mkono kwenye kamba. Akajiambia kwamba upande huu hakuna mchanga, udongo wote ni mwekundu na unanata, na kwamba mtu mwenye akili hatupi leo kitu atakachokihitaji kesho. Akauondoa mkono. Akaendelea na safari, mfuko nyuma yake.

*

Alizima kabla ya kufika uani, akaisukuma pikipiki, kama inavyofaa kwenye nyumba ya matanga. Wanawake waliokuwa wameketi kwenye mikeka wakasimama. Shangazi mkubwa wa Emilienne, mwanamke mnene mwenye sauti ya kiume, akauona mfuko kabla ya kumwona mtu.

“Kumbe mukwe amekuja na muchele! Na siye tulimusema bure. Shusheni, shusheni, mukwe hashushi muzigo wake mwenyewe.”

Wasichana wawili wakaanza kufungua kamba. Blaise akasema, “Ule mufuko, mama...”

“Aa!” Shangazi akainua kiganja. “Mukwe anasema na nani? Mudomo wako iko wapi?”

“Niko peke yangu.”

“Basi nyamaza peke yako.”

Wakamwonyesha kigoda kifupi karibu na ukuta. Akakaa. Akaangalia vidole vyake vya miguu. Alisikia mfuko ukiburutwa kuelekea jikoni, akamsikia mmoja akisema ni mzito, mwingine akasema mchele wa Kasongo unakuwa mzito hivyo, akamsikia shangazi akiagiza sufuria kubwa. Maji yakamiminwa. Mara ya pili akafungua kinywa, na mzee mmoja aliyekaa karibu akamgusa goti kwa fimbo, si kwa ubaya, kama mtu anavyomgusa mbuzi asiingie shambani.

Shangazi akakata uzi kwa kisu, akaingiza kikombe, akakiinua. Mchanga ukamwagika kwenye ungo, mweupe, bado una maji ya kijito. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, labda mchele uko chini. Akautoa mkono ukiwa na mchanga. Uani wote wakanyamaza, na kunyamaza huko kulimfikia Blaise pale kwenye kigoda, akajua kwamba wamefungua.

Kwenye nyumba ya matanga mchanga una kazi moja.

Zéphirin, baba yake Emilienne, akatoka ndani. Alikuwa amekonda tangu mke wake afe, shati lilimkalia kama limetundikwa. Akauangalia mfuko, halafu akasema kwa sauti ya chini, akiwageukia wazee wake, maana hakuweza kumwambia mkwe moja kwa moja: “Muulizeni. Huu muchanga wa kaburi iko wa nani? Aliyekufa amekwisha kufunikwa. Wangu?”

Blaise alitikisa kichwa mara nyingi. Hiyo ndiyo lugha yote aliyoachiwa. Mlangoni pa jiko alisimama Emilienne, Sarah-Grâce mgongoni. Aliuangalia mfuko kwanza, kwa muda mrefu. Halafu akamwangalia mume wake, na uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa kama wa mtu anayehesabu.

*

Kaka yake Emilienne ndiye aliyeelewa kwamba Blaise anaonyesha simu. “Anataka baba yake mudogo amusemee,” akawaambia wazee. “Ule Déo wa siku ya mahari.”

Lakini kwenye uwanja ule mtandao hauingii. Unapatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya shamba la mihogo. Wazee wakabishana kidogo, halafu wakanyanyuka, kila mmoja na kiti chake kichwani, wakapita kati ya mihogo kwa mstari. Blaise alifuata nyuma na kigoda chake. Kiti cha msemaji kikawekwa juu ya kichuguu, wakambipu Déo apige kwa unité zake, yaani pesa yake ya simu, na simu ikawekwa kwenye kiti.

“Simu inakalia kiti cha mutu?” mzee mwenye fimbo akauliza.

“Iko mutu ndani,” kaka akajibu.

“Mutu gani asiye na miguu?”

“Miguu iko nayo. Moja imevimba.”

Sauti ya Déo ikatoka, kubwa kuliko simu yenyewe. Akawasalimu wazee mmoja mmoja kwa majina ya ukoo. Akamlilia marehemu, akasifu mapishi yake, kicheko chake, mkono wake wa kutoa. Wazee wawili wakaanza kuitikia kwa kichwa. Zéphirin akasema, “Mwambieni afupishe, unité zinakwisha,” lakini alisema hivyo akiwa anapangusa jicho.

Kisha Déo akaeleza mchanga. Akaeleza springi, akaeleza mawe ya Shikeni, akaeleza jinsi kila motari anavyofanya. Akasema mkwe wao alikuwa amehatarisha shingo yake kuja kuwaona, na kwamba mchanga ule haukuwa wa kaburi, ulikuwa wa kumzuia asiingie kaburini.

“Kweli,” mzee mwenye fimbo akasema. “Pikipiki tupu inaruka. Miye nilianguka nayo, nikapoteza jino.” Akafungua kinywa, akawaonyesha. Watu wakacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Blaise akainua macho kidogo kutoka kwenye vidole vyake.

Zéphirin aliwaacha wamalize kucheka. “Nimesikia,” akasema, akiitazama simu. “Pikipiki inataka uzito. Ni vizuri. Sasa munijibie neno moja. Muchele hauna uzito?”

Simu ikakohoa.

“Chumvi haina uzito? Mihogo haina? Kilo ni zilezile. Mutu anaanza safari ya matanga, nyuma yake iko nafasi ya mufuko muzima, anatafuta kitu cha kujaza, katika dunia yote anaona muchanga?”

Blaise aliiangalia simu, na wazee wote waliiangalia. Ilitoa sauti kama ya mtu anayemeza mate, halafu ikatoa mlio mfupi, kioo kikawa cheusi.

“Unité,” kaka akasema.

“Ao jibu ndilo limekwisha,” akasema Zéphirin.

Akaweka mikono magotini. Aliposema tena hakuwa mkali. “Pesa yake ya mbao ilifika. Sanduku lilikuwa zuri, sikatai. Lakini marehemu, siku zile za mwisho, kila akisikia muungurumo barabarani alisema: ule iko mukwe wangu, yeye iko motari, atafika wa kwanza. Alikuja mutu wa Lusangi na miguu. Alikuja mulemavu wa Wamaza, amebebwa. Wa pikipiki alituma simu. Na leo amekuja, na mudomo wake umekuja kwa simu.”

Juu ya kichuguu mchwa walikuwa wakipanda miguu ya kiti.

“Sitaki muchele wake,” Zéphirin akaendelea. “Kesho jioni tunaondoa matanga. Muchanga huu utoke kwangu, urudi pale ulipochotwa, kwa mukono uleule ulioleta. Halafu arudi hapa, akae nasi chini kabla jua haijaingia. Akifika, muke wake iko pale, mutoto iko pale, wachukue njia. Asipofika, nitajua niko na binti wa kulisha.”

*

Emilienne alikuwa nyuma ya jiko akimenya mihogo. Jua lilikuwa bado juu ya miti. Mtoto alikuwa amelala kwenye kanga kando yake. Blaise akachuchumaa.

“Baba Sarah,” Emilienne akasema bila kuinua kichwa, “mukishuka Shikeni, ule muchanga munamwaga wapi?”

“Pale chini. Papo hapo.”

“Kila motari?”

“Kila motari.”

“Weye ulibakisha ya nini?”

“Ya kurudia.”

“Ya kurudia.” Akamaliza muhogo, akautupa ndani ya maji, akachukua mwingine. “Miye nikikaa nyuma, na mutoto katikati, na muzigo wangu, unahitaji muchanga?”

Hapa hapakuwa na mzee wala fimbo. Hapa hakuna aliyemkataza kusema, na bado Blaise aliangalia vidole vyake vya miguu.

“Ulikuja kunichukua,” Emilienne akauliza, “ao ulikuja kunisalimia?”

“Niliogopa watakataa.”

“Wao walikuwa hawajakataa. Weye ulikuwa umekwisha kukubali.”

Kisu kiliendelea kumenya. Blaise alitaka kumweleza habari za kileleni, upepo, mto unaowaka mbali, lakini aliona kwamba hata hilo lingesikika vibaya. Akasema, “Kesho nitarudi mapema.”

“Ukirudi, uje bila muchanga.”

“Nitachukua mwingine wa kuvukia, nitaumwaga pale chini, Mama Sarah. Baba yako hatauona.”

“Sikusema baba auone. Nimesema uje bila muchanga.”

*

Alfajiri aliondoka na mfuko nyuma yake, wanawake wakimwangalia asiache hata punje. Mvua ya usiku ilikuwa imepita, lakini mlima ulikuwa bado unatiririka. Alivuka. Kijitoni akaumwaga mchanga palepale walipouchota, akaukunguta mfuko, akamrudishia Faradji.

Faradji aliugeuza ndani nje. Hakuamini. “Weye ni wa kwanza. Sasa lete tujaze tena.”

“Narudi hivi hivi.”

“Hivi hivi namna gani?”

“Mutupu. Muke wangu amesema nirudi bila muchanga.”

Faradji akavua kofia, akajikuna. “Bwana motari, kama mwenye nyumba hataki muchanga, weye unaumwaga upande wa pili. Ndivyo wanavyofanya wote. Muke wako hatajua.”

“Ataniuliza.”

“Utasema hapana, sikubeba.”

“Nilimujibu kweli jana,” Blaise akasema. “Siwezi kumudanganya leo.”

“Basi beba mawe. Alisema muchanga, hakusema mawe.”

Blaise akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu Kasongo. Akamshukuru. Ilikuwa ujinga? Mtu yeyote anayeijua njia ile atasema ilikuwa ujinga. Mwenyewe alijua. Alijua pia kwamba akiweka hata jiwe moja nyuma, pale alipopasafisha kwa ajili ya mke wake, atakuwa amekwisha kukubali mara ya pili.

Kupanda kulikwenda. Aliinama juu ya tangi, akaisukuma kwa miguu yote miwili, pikipiki ikarukaruka chini yake na kumgonga tumboni, lakini ikapanda. Kileleni hakusimama. Ukungu ulikuwa umefunga, na hata kama ungefunguka asingeangalia. Akaanza kushuka. Breki ya nyuma haikushika, maana gurudumu la nyuma lilikuwa hewani zaidi kuliko chini. Alipita kona ya kwanza na ya pili. Kwenye ile ya tatu gurudumu liligonga jiwe, springi zikalirusha juu, na pikipiki ikampita Blaise. Aliiona ikipita. Alianguka juu ya mkono wa kushoto, akasikia mfupa wake ukisema: ka!

Pikipiki ilikuwa imelala ndani ya mfereji, usukani umegeuka, injini inalia. Hakuweza kuinua hata kioo chake. Akafunga petroli. Akafungua kitambaa cheusi cha mama yake kwa meno, akautundika mkono shingoni, akaanza kutembea. Chini, kwenye kile kilima cheupe cha mchanga, hakusimama.

*

Blaise alifika kwa miguu baada ya jua kuzama. Zéphirin aliwaambia wazee kwamba yeye bado anaona mwanga kule mlimani, na hakuna aliyembishia. Matanga yaliondolewa, Blaise akiwa ameketi chini pamoja nao. Hakuulizwa kitu.

Mkono uliungwa na mtu wa Kabambare anayeunga mifupa. Uliungana vibaya. Haunyooki, na vidole viwili havikamati klachi ya pikipiki.

Emilienne na Sarah-Grâce walirudi Kasongo baada ya mvua, kwenye pikipiki ya motari mwingine, Blaise akiwa kwenye nyingine, kama abiria. Walipofika Shikeni waliambiwa washike, wakashika. Emilienne anauza mawese na chumvi kwenye kibaraza cha Aurélie, wote wanne wanalala katika vyumba viwili, na Aurélie analalamika juu ya harufu. Habari ya mchanga Emilienne hakuitaja tena, kwa wema wala kwa ubaya.

Pikipiki ilitolewa mferejini na Faradji na watu wa Wamaza. Ilinyooshwa, sasa inaendeshwa na kijana mwingine anayempa Blaise pesa kidogo, siku ambazo anampa. Blaise yuko kwenye maegesho ya njia ya Kabambare, anaita abiria na kufunga mizigo kwa mkono mmoja. Dereva akitaka kuondoka na kiti kitupu, anamgombeza.

Mguu wa Déo ulipona. Alikubali baadaye kwamba unité zilikuwa bado zipo, simu aliikata mwenyewe.

Zéphirin alikuja Kasongo mara moja, akaleta mfuko wa mchele wa shamba lake kwa ajili ya mjukuu. Alikula, akalala, akaondoka asubuhi. Yeye na mkwe wake hawakusemezana, kama inavyopasa.

Faradji bado yuko chini ya mlima na ule mfuko wenye ua jekundu. Ua limefutika. Bado anaujaza.